Diski za Nyumbani na Amana za Ukoo



Vijana wetu wengi hapa London hununua kompyuta kuukuu yenye nguvu, wakaiweka chini ya ngazi, na ndani yake wakaendesha kompyuta nyingine kadhaa zisizoonekana kwa macho. Wataalamu huziita mashine pepe. Moja hutunza picha za ukoo, ya pili huwachujia watoto intaneti, ya tatu hushika hesabu za biashara ya baba. Ni jambo la kupongezwa. Lakini nyumba ya wapangaji wengi yahitaji ramani kabla ya msingi, na ramani ya seva ni mpangilio wa diski zake. Zikishajaa, kuzipanga upya ni kazi ya kuhama nyumba.

Kabla ya kuuliza tununue diski ngapi, yatupasa kuuliza: kitu hiki kikipotea, chaweza kurudi? Programu inayoendesha seva ikiharibika, huwekwa upya kwa muda mfupi. Ama sauti ya bibi iliyonaswa katika kaseti, kanda za harusi za Unguja na Mombasa, na picha za waliotangulia mbele ya haki, hizo haziuzwi duka lolote. Hizo ndizo amana.

Tukishatenganisha hivyo, mpango si mgumu. Programu kuu yatosheka na diski ndogo ya gigabaiti 250. Mashine pepe zipewe diski mbili za SSD, za terabaiti 1 kila moja, kwa kuwa mashine hizo husoma na kuandika zote kwa pamoja, na diski izungukayo huwa kama karani mmoja anayeitwa na madirisha matano. Amana ziwekwe katika diski mbili kubwa zizungukazo, tuseme za terabaiti 4. Kila jozi ifanywe pacha: kiandikwacho katika moja huandikwa papo hapo katika ya pili. Basi terabaiti 4 na 4 za pacha ni 4, wala si 8. Saa moja ya kanda ya video huchukua kama gigabaiti 2 hadi 4, hivyo saa 100 zitafika gigabaiti 400. Nafasi ipo, ila msiijaze pomoni. Bakisheni walau sehemu moja ya tano.

Tahadhari mbili. Kwanza, programu hizi huruhusu mashine pepe kuahidiwa nafasi kuliko iliyopo, kama mwenye vyumba vitatu aliyepokea kodi ya wapangaji watano. Siku wote watakapofika, mashine zitakwama kwa pamoja. Pili, amana zisifungiwe ndani ya diski ya mashine pepe. Zikae katika ghala lao, ili mashine ikifa zisomeke kwa kompyuta nyingine.

Hapa ndipo wengi huteleza: hudhani kuwa diski pacha ni akiba. Pacha hukinga kufa kwa diski moja tu. Mtoto akifuta picha, hufutika kote kuwili. Mwizi akibeba kompyuta, hubeba pacha wote. Akiba ni nakala iliyo mbali. Historia yatueleza kwamba Sayyidna Uthman (r.a.) alipoamrisha Msahafu unakiliwe, nakala hazikubaki zote Madina, zilipelekwa Kufa, Basra na Sham. Nasi tuwe na diski ya nje ichomolewayo baada ya kunakili, na nyingine, iliyofungwa kwa neno la siri, kwa ndugu wa mtaa mwingine.

Na nakala peke yake haitoshi. Mwezi Oktoba 2023, Maktaba ya Uingereza, iliyopo St Pancras hapa hapa mjini, ilivamiwa na wahalifu wa mitandao waliodai fidia. Maktaba haikulipa. Katika ripoti yake ya Machi 2024 ilieleza kwamba nakala salama za hazina zake za kidijitali zilikuwapo, lakini ilikosa mitambo ya kuzirejeshea, kwa kuwa baadhi ya seva ziliharibiwa. Ikiwa taasisi kubwa kiasi hicho ilipatwa na hayo, sisi wa chini ya ngazi tujipime. Mara mbili kwa mwaka, chukueni diski ya akiba, ichomekeni katika kompyuta nyingine kabisa, mfungue picha moja na sauti moja. Zikifunguka, mna akiba. Zisipofunguka, mmejua mapema, na kaseti zenyewe bado zimo sandukuni.

Aidha, mpangilio huu uandikwe katika karatasi moja: diski ipi ina nini, nakala iko kwa nani, neno la siri linatunzwa wapi. Kijana mwenye kuyajua yote kichwani aweza kusafiri au kuugua, na mama mwenye nyumba akabaki na sanduku la chuma asiloweza kulifungua.

Tahadhari kabla ya hatari. Wabillahi tawfiq.