RISASI KUINGIA SIYO KUFAA



Mpunga ukianza kushika punje, nguruwe pori na ngedere hawana subira. Hapo ndipo mtu anapomwendea jirani: "Niazime risasi mbili." Sisi tunasema mchezo huu ukome.

Kwanza ni sheria. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka mwenye silaha na risasi awe na leseni. Risasi siyo chumvi, ya kuombana mlangoni.

Pili, na ndilo kubwa, ni uhai wa mtu. Wengine husema, "Imeingia, basi ni yake." Jamani, siyo hivyo. Mtutu wa shotigani namba 12 una upana wa milimita 18.5 hivi, wa namba 20 ni kama milimita 15.6. Namba kubwa, tundu dogo! Ni hesabu ya zamani: goroli 12 za madini ya risasi zenye upana wa mtutu zilitimiza ratili moja. Kwa namba 20, zilitakiwa goroli 20.

Sasa mtu akitia namba 20 kwenye bunduki ya namba 12, inateleza na kukwama mbele ya chemba. Haionekani. Akidhani bunduki ni tupu, anatia namba 12 nyuma yake na kufyatua. Mtutu unapasuka karibu na mkono ulioushika. Ndiyo maana watengenezaji wengi huipa namba 20 rangi ya njano.

Hata namba zikiwa sawa, tazameni urefu. Risasi ya milimita 76 huingia kwenye chemba ya milimita 70 bila kugoma, maana mdomo wake umekunjwa. Urefu unaoandikwa ni wa ganda lililokwisha kufunguka. Likifunguka mle ndani linabana njia, na nguvu ya gesi inapanda. Risasi ya kawaida ya namba 12 huruhusiwa kufika baa 740. Tairi la gari dogo lina baa mbili na kitu tu!

Gobore nalo ni la baruti nyeusi. Anayepasua risasi ya dukani na kumimina baruti yake humo anajitegea bomu shavuni.

Basi tunapendekeza mkutano ujao uamue hivi. Mwenye leseni asome maandishi ya mtutu na ya risasi, namba na urefu vilingane. Yakiwa yamefutika, asifyatue. Gobore lisilo na kibali lisalimishwe polisi. Wanyama wakizidi, ofisi ya kijiji imwite Afisa Wanyamapori wa Wilaya, na sisi tupange zamu za kulinda kwa madebe na moto.

Mpunga ulioliwa tutaupanda tena msimu ujao. Jicho halipandwi.