Vidukari Tuwaue, Marafiki Tuwaache

Naomba nafasi nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi huliona dogo: wale vidukari wa kijivu wanaojazana chini ya jani la sukuma wiki hadi linajikunja na kunata.

Hapa kwetu Nyeri, kuanzia Tetu hadi Mathira, ni nadra kukuta boma lisilo na sukuma. Vidukari wakiingia, hasa wakati wa jua, mtu hukimbilia dukani akanunua dawa kali, akajitwika pampu, akanyunyiza. Kesho kutwa mboga ziko soko la Karatina, au sufuriani. Jamani! Chupa imeandikwa siku za kungojea kabla ya kuchuma, tena ina utepe wa rangi kuonyesha ukali wake, nyekundu ikiwa ndiyo hatari zaidi. Nani husoma? Na aghalabu wanaotumwa kunyunyiza ni sisi vijana, bila glavu, sisi tunaojigamba kwamba tumesoma.

Isitoshe, hiyo dawa hata kazi yenyewe haiimalizi. Kidukari jike huzaa bila dume, tena huzaa watoto walio hai, si mayai. Wachache wakisalia, baada ya siku chache shamba limejaa tena. Asiyerudi upesi ni yule mdudu mwekundu wa mviringo mwenye madoa meusi, ambaye yeye na watoto wake chakula chao ni vidukari. Kumbe tumemuua askari, mwizi tukamwacha!

Najua wapo watakaosema eti haya ni ya vitabuni. Basi watazame historia ya kahawa. Katika miaka ya 1920 mdudu mweupe, kana kwamba amepakwa unga, aliingia Kenya kutoka Uganda akaiharibu kahawa vibaya sana. Wakulima walihangaika, hata wakawazuia sisimizi wasipande mikahawa, maana sisimizi humlinda mdudu huyo ili walambe utamu anaoutoa. Mwaka wa 1938 wataalamu walileta kutoka huko huko Uganda nyigu wadogo mno, wanaotaga mayai ndani ya mwili wa mdudu huyo. Hao nyigu ndio waliomshinda.

Kwa sukuma ya nyumbani, kijiko kidogo cha sabuni ya maji katika lita moja ya maji chatosha kuanzia. Nyunyiza chini ya jani, jioni, na jani lililojaa kabisa ling'olewe. Kina nyanya zetu walimwaga majivu ya jikoni, nasi tukawacheka.

Ombi langu ni kwa klabu ya kilimo. Muhula ujao nusu ya matuta ya sukuma ya shule yasiguswe na dawa ya duka. Tuhesabu vidukari kila Ijumaa, hesabu ibandikwe ubaoni. Wanaonipinga wachukue ile nusu nyingine.