Nani Katunga Kichekesho?

Kuna usemi umezagaa vijiweni, hasa kwa sisi tunaojiita waandishi chipukizi, kwamba kazi ya nyuma ya pazia kwenye maonyesho ya sikukuu ni kazi ya walioshindwa. Mtu ana daftari la riwaya kwapani, kamsoma Shaaban Robert, kamsoma Kezilahabi, halafu jioni aonekane kiwanjani kabeba boriti na turubai! Aibu gani hiyo? Heri akae barazani amsubiri mchapishaji. Nimeusikia usemi huu Ngamiani, nimeusikia Chumbageni, na juzi nimeusikia katika kikao cha waandishi wenzangu, watu ninaowaheshimu. Leo naujibu. Nikishaujibu nitawageukia wenye maonyesho, maana hao ndio wanaofaidi dharau yetu.

Kwanza tuelewane ni kitu gani tunachozungumzia. Hapa Tanga hatuna zile bustani kubwa za starehe tunazoziona kwenye filamu za Marekani, zenye majumba ya kudumu na watumishi wanaovaa vichwa vya wanyama mwaka mzima. Sisi tuna kiwanja. Ikija Iddi kinazungushiwa mabati na turubai, pembea zinasimikwa, wauza ubuyu na mihogo wanapanga meza, jenereta linaanza kuunguruma, na katikati linajengwa jukwaa. Iddi nne ikipita, pamebaki vijiti vya mishikaki. Unguja nako ni hivyohivyo, nenda Mnazi Mmoja usiku wa sikukuu ukaone watoto walivyojazana, kisha urudi wiki moja baadaye. Mji wetu wenyewe tunausifu kwa waja leo waondoka leo. Basi na maonyesho yetu yaja leo yaondoka leo, na kwa sababu yaondoka leo, watu wanadhani hayana mwenyewe.

Yanaye. Ngojeni niwapitishe nyuma ya pazia.

Jukwaa letu ni mapipa kumi na mawili na mbao juu yake. Mapipa hayalingani urefu, kwa hiyo unatia vipande vya tofali chini, unapanda, unaruka-ruka, unateremka, unatia tena. Nguzo za turubai zinataka mashimo, na huku kwetu karibu na bahari ukichimba futi moja tu umegonga jiwe la matumbawe, mtaimbo unadunda mpaka meno yanagongana. Pazia ni shuka zilizoshonwa pamoja na kupitishwa kamba. Kusi ikivuma inalijaza kama tanga la jahazi, ikabidi mmoja wetu akae chini alikanyage pindo huku mikono yake ikimvalisha bibi harusi maleba. Taa hazina swichi. Ukiambiwa "giza" unachomoa waya, ukiambiwa "mwanga" unauchomeka, na uombe Mungu uwe umechomoa waya wa taa, si wa kipaza sauti.

Halafu kuna zimwi. Watoto wote wa sikukuu wanamjua zimwi. Zimwi la kwetu lina watu wawili, mmoja kapanda mabegani mwa mwenziwe ndani ya gunia refu lililopakwa rangi. Yule wa chini haoni kitu. Anaongozwa kwa magoti ya mwenziwe, likibanwa sikio la kulia anakwenda kulia. Baada ya dakika kumi mle ndani hewa imekwisha na ni joto tupu. Nje watoto wanapiga mayowe kwa raha, na mwenye maonyesho anahesabu viingilio. Yule kijana wa chini jina lake hata mshereheshaji halijui, na yuko naye kiwanja kimoja usiku wa nne.

Mimi kazi yangu ilikuwa ya kushika maneno. Ninakaa pembeni ya pazia na daftari, mchezaji akisahau namnong'oneza. Lakini kabla ya kuyashika ilinibidi niyatunge. Niliandika kichekesho cha dakika ishirini kuhusu bwana harusi anayekwenda Pongwe kumchukua mkewe kwa baiskeli isiyo na breki, na mjomba wa bibi harusi anayetaka baiskeli hiyohiyo iwe sehemu ya mahari. Mji huu wa baiskeli nani asiyecheka? Kumbe! Usiku wa kwanza watu walicheka pale nilipotaka wahuzunike, na pale nilipoweka mzaha wangu mzuri kuliko yote walinunua karanga. Nilirudi nyumbani nikaandika upya mpaka alfajiri. Usiku wa pili nikaupunguza usemi wa mjomba, wa tatu nikamwondoa kabisa shangazi. Usiku wa nne kicheko kilianza mbele, kikapita katikati, kikafika mpaka kwa wale waliokaa juu ya ukuta ili wasilipe kiingilio.

Sasa wewe ndugu yangu uliyekaa barazani na daftari lako, niambie ni mhariri gani atakufundisha hivyo kwa siku nne? Nina riwaya yangu nami, imefika sura ya tisa. Sura ambazo watu wanasema zinasomeka ni zile nilizoziandika baada ya kiwanja. Na hili la kuona kazi ya mikono inamchafua mwandishi sijui limetoka wapi. Shaaban Robert, mwana wa Vibambani papa hapa Tanga, alikuwa karani wa forodha miaka na miaka, akahesabu shehena za watu, na hakungoja aitwe mwandishi ndipo aandike.

Basi tuwaache wa barazani. Nawageukia wenye maonyesho.

Usiku ule wa nne mshereheshaji alisimama kushukuru. Alimshukuru mdhamini wa soda. Alimshukuru mwenye kiwanja, mwenye jenereta, na mheshimiwa mmoja ambaye hakuwepo. Aliwataja waigizaji kwa majina yao ya utani, na hilo ni haki yao. Aliyetunga hakutajwa. Malipo yalikuwa tumeahidiwa shilingi 10,000 kwa usiku. Mwisho wa hesabu nikapewa 25,000 kwa zote nne, nyingine zimekatwa "za chakula", salio nitatumiwa kwa simu. Simu ninayo mpaka leo. Mwaka uliofuata rafiki yangu alikwenda Korogwe kwa mambo yake, akarudi ananicheka: kakiona kichekesho changu huko, bwana harusi yuleyule, baiskeli ileile, hadi kikohozi cha mjomba. Nilipomwuliza bosi, alinijibu kwa upole kabisa, "Dogo, yale maneno ya mtaani tu, kila mtu anayajua. Wewe ulipata uzoefu."

Uzoefu! Jamani, mwenye jenereta mbona halipwi uzoefu?

Sisemi kwamba mwenye maonyesho analala juu ya magunia ya fedha. Najua ana vibali vya kulipia, ana mafuta ya kununua, na mvua ikinyesha Iddi pili kala hasara. Lakini hata mvua ikinyesha, mwenye spika anachukua chake. Wanaobeba hasara ya mvua ni deiwaka wa nyuma ya pazia, ambao faida ya jua hawagawiwi.

Tabia hii haikuanza jana. Makundi makubwa yaliyotamba nchini miaka ya 1980 na 1990, Muungano kwa mfano, na TOT iliyoanzishwa 1992, yalikuwa yakiwapa watu usiku mzima kwa kiingilio kimoja: ngoma, sarakasi, kichekesho, igizo, taarabu. Maigizo mengi hayakuwa na maandishi. Kisa kilielezwa kwa mdomo, wachezaji wakakijaza wenyewe mazoezini. Ulikuwa ufundi mkubwa, nani abishe, ila umetuachia urithi mbaya: kisichoandikwa kikahesabiwa kuwa hakikutungwa. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ilichapishwa kitabu mwaka 1969, basi hata mtoto wa shule anajua ni ya nani. Maigizo ya majukwaa ya baa na kumbi za starehe waliyaona watu wengi ajabu, nenda leo kaulize yalitungwa na nani. Taarabu yetu hapa nayo imo. Black Star na Lucky Star ziliupeleka mji huu hadi nje ya mipaka, sauti ya Shakila inajulikana na wajukuu wa waliomsikiliza. Waliomwandikia maneno wanajulikana na wangapi?

Wala msiniambie kwamba nchi hii haijawahi kuiona kazi ya jukwaa kuwa kazi. Vijana walipelekwa China kujifunza sarakasi, wakarudi, na mwaka 1969 kikaundwa kikundi cha taifa. Mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kwenye pwani yetu hiihii, ambacho leo ni taasisi, TaSUBa. Serikali haijengi chuo kwa ajili ya uzoefu.

Na sheria ipo, wengi wetu hatujaisoma. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi, lakini inamwacha nje anayemfanyia mwajiri kazi chini ya siku 6 kwa mwezi. Hesabuni Iddi ina siku ngapi. Siku nne! Tumeingia kwenye tundu hilo kama dagaa. Hata hivyo tundu ni la karatasi tu, halisemi usilipwe. Sheria hiyohiyo inahesabu usiku kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na kila saa ya usiku ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Bosi atasema sisi si waajiriwa wake. Sawa. Kama si waajiriwa wake, basi kichekesho ameazima, na cha kuazima kina mwenyewe.

Maana Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iliyozaa COSOTA, haihesabu siku. Kazi inalindwa kwa kule kutungwa kwake tu, iwe kwa namna yoyote ya kuielezea, iwe nzuri au mbaya, iwe ya kiwanjani au ya chuo kikuu. Na miongoni mwa haki za mtunzi ni kutajwa kuwa ni yeye katunga. Hata mzaha wa kikohozi cha mjomba. "Maneno ya mtaani" ni kweli nimeyaokota mtaani, kama seremala alivyookota mti msituni, ila huwezi kuingia nyumbani kwa mtu ukabeba kabati ukasema ni miti tu.

Kwa hiyo ninyi mnaoandika, msisubiri wakili. Kabla ya kuchimba shimo la kwanza, kaa na bosi, mwandikiane kwenye karatasi hata ya daftari: kazi gani, usiku ngapi, shilingi ngapi, mvua ikinyesha itakuwaje. Andika kichekesho chako chote, weka tarehe, acha nakala kwa mtu unayemwamini. Mwambie mshereheshaji ataje jina lako kabla hajamtaja mdhamini wa soda. Haimgharimu kitu, ni pumzi moja. Na kama waandishi wa nyuma ya pazia hapa Tanga, Pangani, Muheza na Bagamoyo tutakubaliana kwamba hakuna anayetoa daftari bila karatasi, wenye maonyesho watapiga kelele sikukuu moja, ya pili watanunua kalamu. Wale wa barazani nao waje. Wakikataa wao, bosi atapata mtu mwingine wa kutunga bure kabla maghribi haijaadhiniwa, na mtu huyo atatoka katika kikao chetu.

Kwa Iddi ijayo nimeshaitwa tena, na bosi yuleyule, anataka "kitu kama kile cha baiskeli". Nimekitunga, kinahusu ngalawa. Nimempelekea ukurasa wa kwanza tu, pamoja na karatasi ya makubaliano yenye nafasi mbili za sahihi, yangu nimeshaitia. Na yule kijana wa chini ya zimwi naye kaniomba nimwandikie ya kwake. Mpaka naandika haya bosi hajajibu, na kurasa zilizobaki ninazo mimi.