Msituhubirie Kulala

Mhadhiri wetu mmoja akimwona mtu anasinzia katika kipindi cha asubuhi, husema kizazi chetu kimefunga ndoa na simu. Darasa hucheka. Nami nacheka, ingawa mara nyingi msinziaji ni mimi. Leo namjibu, kwa heshima lakini bila kumung'unya maneno: mwalimu, ugonjwa umeutambua, chanzo chake hujakitaja.

Sibishi kwamba simu inatuumiza. Muhula uliopita niliumwa kichwa wiki baada ya wiki. Nilidhani ni malaria, nikapimwa, haikuonekana. Nikawa natafuna vidonge vya maumivu kama karanga. Siku moja muuguzi akaniuliza, "Mwanangu, kwa usiku mmoja unalala muda gani?" Nikahesabu kwa vidole nikaona haya. Saa nne, siku nyingine tatu, na mtu mzima anahitaji zisizopungua saba. Aliniambia pia kwamba tukikodolea kioo tunapepesa macho mara chache kuliko kawaida, ndiyo sababu yangu yalikuwa makavu yakiwasha kama yametiwa mchanga. Shingo sikumtajia. Kila mkazi wa hosteli anaijua hiyo.

Lakini kwa nini usiku? Hapa Uganda kampuni za simu huuza vifurushi vya usiku, vya kutumika kuanzia saa sita hadi alfajiri, kwa bei ya chini kuliko vya mchana. Mchana intaneti ni ghali, na serikali nayo imeongeza mkono wake: tangu Julai 2018 tulitozwa shilingi 200 kwa siku ili kuingia WhatsApp na Facebook, kisha Julai 2021 kodi hiyo ikaondolewa, ikaja asilimia 12 juu ya data. Mwanafunzi mwenye shilingi elfu moja mfukoni hahitaji shahada ya uchumi kujua afanye nini. Katika hosteli yetu, ikifika saa sita usiku utasikia kengele za simu zikilia chumba hadi chumba. Hapo ndipo watu wanaamka kuanza kazi.

Kazi gani? Wengine wanapakua filamu na video fupi zisizo na kichwa wala miguu. Siwatetei, maana nami nimo. Lakini humo humo kuna masomo. Maktaba ina nakala moja ya riwaya tunayotahiniwa, nasi tuko zaidi ya hamsini, kwa hiyo mmoja wetu aliipiga picha ukurasa kwa ukurasa akaitupia kwenye kikundi. Riwaya nzima nimeisoma hivyo, kitandani, kurasa nyingine zikiwa na kivuli cha kidole cha mpiga picha. Shule zilipofungwa Machi 2020 tuliambiwa simu ndiyo darasa. Milango ikafunguliwa kikamilifu Januari 2022, lakini jukumu lile simu haikuvuliwa.

Kuna watakaosema, "Jitawale, kijana." Nilijaribu. Kwa wiki moja niliifungia simu kwenye sanduku kila ikifika saa tatu usiku. Nililala kama mtoto na kichwa kikapoa. Jumatano asubuhi nikaingia darasani nikawakuta wenzangu wanakusanya karatasi. Jaribio la Alhamisi lilikuwa limesogezwa mbele, na tangazo lilitumwa kwenye kikundi saa tano usiku. Nilipewa sifuri. Nilipokwenda kulalamika, niliulizwa kwa nini sisomi ujumbe.

Basi, walimu wetu, kabla ya hotuba nyingine kuhusu usingizi, tunaomba haya. Tangazo lolote la masomo lisitumwe baada ya saa mbili usiku; likitumwa, lisimfunge mtu hadi siku ya pili yake. Kazi zikusanywe saa kumi jioni, tuachane na desturi ya saa sita kasoro dakika moja usiku. Vitabu vya mtihani viongezwe maktabani hata nakala tano tu, na intaneti ya chuo ifike kwenye hosteli mchana. Kampuni za simu hatuwezi kuzilazimisha. Hayo mengine yamo mikononi mwenu.

Na kwa taarifa yenu, wito wa kuandika insha hizi ulitufikia saa tano na dakika arobaini usiku. Nilikuwa macho.