Ayub Ogada ni "wetu" tangu lini?

Wasee, leo nitasema ukweli, na mkikasirika ni sawa. Sisi hatupendi muziki wetu. Tunapenda tu vile wazungu wanaupenda.

Angalia Ayub Ogada. Alizaliwa Mombasa 1956, jina lake Job Seda. Miaka ya sabini alikuwa Nairobi na bendi ya Black Savage. Mwaka wa 1986 akabeba nyatiti yake, nyuzi nane tu, akaenda London kuwapigia wapita njia. Real World, lebo ya Peter Gabriel, ikatoa albamu yake En Mana Kuoyo 1993. Kothbiro ikaingia kwenye filamu ya The Constant Gardener 2005. Halafu 2018 Kanye West akachukua ile Kothbiro ya Black Savage akaiweka ndani ya Yikes, na mtandao mzima ukapiga kelele: "Huyo ni wetu!" Februari 2019 Ogada akafariki Kisumu. Tukaweka picha na mishumaa.

Wetu aje, na alipokuwa hai ni wangapi walinunua albamu yake?

Niko Rusinga, naona haya kila wikendi. Harusi ikija, DJ analipwa hata kabla hajafungua spika. Mzee wa nyatiti, na kigoda chake na njuga mguuni, anaambiwa "ngoja kidogo, mzee." Anangoja mpaka jioni, kisha anapewa soda na nauli ya boda. Kwa matanga, mheshimiwa anasifiwa jina lake na la babake, anatupa noti mbili mbele ya kamera, anaondoka na gari kubwa. Hayo si mapenzi ya utamaduni. Huo ni unyonyaji uliovaa shanga.

Najua mtasema nyatiti ni ya wazee. Sawa. Basi mbona Anyango alitoka Japani akaja kukaa kijijini Siaya kujifunza, na mila ilikuwa inamkataza mwanamke kuipiga? Mjapani aliona kazi. Wewe unaona matanga tu.

Kwa hivyo msiniletee hashitagi. Kwenye bajeti ya harusi yako, andika mpiga nyatiti, na umlipe kama DJ. Ukitumia mlio wake kwenye video, taja jina lake. Na kama kuna mzee jirani anayepiga, mlipe akufundishe sasa, akiwa hai. Mchango wa mazishi haujawahi kumnunulia mtu nyuzi.