Ovari za binti yako huumbwa ukiwa mjamzito: pima mimba kabla ya kumeza vidonge

Wafugaji wazoefu hapa Kongwa wanajua kwamba ng'ombe akizaa mapacha, dume na jike, yule ndama jike si wa kutegemea. Hata awekwe zizini na dume bora, hashiki mimba. Katika ndama kumi wa namna hiyo, tisa hivi huwa tasa, na wengi huishia mnadani.

Wengine husema ni mkosi, lakini sababu inajulikana. Mwaka 1916 mtafiti Frank Lillie wa Chicago, Marekani, alieleza kuwa mapacha wa ng'ombe huungana mishipa ya damu wakiwa tumboni. Homoni za dume hupita kwa jike wakati ovari zake, yaani vifuko vya mayai, ndiyo kwanza zinaumbwa. Ovari hizo hudumaa na hazirudi tena katika hali yake.

Wewe mzazi mwenye mapacha wa kiume na wa kike, usiogope. Kwa binadamu mishipa ya damu ya mapacha hao kwa kawaida haiungani, na binti yako anaweza kuzaa kama wengine. Lakini somo la ndama linatuhusu: ovari zina wakati wake wa kuumbwa, na wakati huo ni kabla ya kuzaliwa.

Mtoto wa kike akiwa tumboni, mimba ikifika wiki ya 20 hivi, huwa na mayai machanga milioni 6 hadi 7. Anapozaliwa yamebaki milioni 1 hadi 2, na anapovunja ungo ni kati ya laki 3 na laki 4. Haongezi mengine. Kwa hiyo ukibeba mimba ya mtoto wa kike, mayai ya wajukuu wako nayo umeyabeba.

Wapo walioumia kwa kutojua hili. Mwaka 1938 ilitengenezwa Uingereza dawa iitwayo DES, inayofanya kazi kama homoni ya kike ya estrojeni. Kwa miaka mingi wajawazito Marekani na Ulaya walipewa ili mimba isitoke. Mama hakuona dhara. Mwaka 1971 madaktari wa Boston wakagundua saratani adimu ya uke kwa wasichana ambao mama zao walimeza dawa hiyo walipowabeba.

Mabinti hao waliendelea kufuatiliwa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2011 yalionyesha kuwa theluthi moja yao walipata shida ya kushika mimba, wakati kwa wanawake wengine ilikuwa asilimia 15.5. Waliokoma hedhi mapema walikuwa asilimia 5.1, dhidi ya 1.7 kwa wenzao. Kidonge alichomeza mama kilimgusa binti miaka thelathini au arobaini baadaye.

Sasa tuje kwetu. DES haitolewi tena kwa wajawazito, lakini tabia ya kumeza homoni bila kupima tunayo. Hedhi ikichelewa wiki mbili, mwanamke anakwenda dukani kuomba vidonge vya "kushusha" au "kurekebisha hedhi". Baadhi ya vidonge hivyo ni homoni za kutengenezwa. Mwaka 1960 Dk Lawson Wilkins wa Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto wa kike waliozaliwa na sehemu za siri zinazofanana na za kiume, kwa kuwa mama zao walipewa dozi kubwa za homoni za aina hiyo wakiwa wajawazito.

Msimamo wangu ni huu: mwanamke yeyote ambaye hedhi imechelewa na amekutana na mwanaume asiuziwe kidonge cha homoni kabla ya kupima mkojo. Kipimo ni cha dakika chache na bei yake ni ndogo. Ewe mwenye duka la dawa, mteja akikuambia "nipe cha kushusha", mpe kwanza kipimo, kisha mwelekeze zahanati.

Nisieleweke vibaya. Kama ulimeza vidonge vya uzazi wa mpango bila kujua kuwa una mimba, acha kuvimeza na uende kliniki, wala usiitoe mimba kwa hofu. Ushahidi tulionao hauonyeshi kuwa vidonge hivyo huharibu mtoto. Na kama daktari amekuandikia homoni kwa sababu mimba zako zimekuwa zikitoka, usiache dawa kwa kusoma gazeti. Muulize yeye.

Neno pia kwa wazazi wenye mabinti wakubwa. Binti ambaye hedhi yake inaruka miezi, ana chunusi nyingi na ndevu zinaota, huenda ana tatizo la ovari linaloitwa PCOS. Majaribio kwa nyani, kondoo na panya yameonyesha kuwa homoni nyingi za kiume tumboni huweza kuleta hali inayofanana nalo. Kwa binadamu, urithi na uzito nao wanachangia, na mama hajui wala hachagui homoni za mwili wake. Mpeleke hospitali apimwe. Matibabu yapo, na wengi wenye tatizo hili huzaa. Usimzungushe kwa waganga, wala usimruhusu mkwe yeyote kumwita tasa kabla ya yeye na mumewe kupimwa wote wawili.

Kwa mjamzito, anza kliniki kabla ya wiki ya 12. Najua mimba nyingi huku zinaingia msimu wa kulima, na shamba halisubiri. Ovari za mtoto nazo hazisubiri. Mwambie mhudumu kila unachotumia: vidonge, mizizi, hata krimu ya kujichubua. Wewe baba, nauli ya kwenda kliniki mapema itoe kabla ya fedha ya mbegu.