Moshi wa Trekta na Ugonjwa wa Injekta

Miwa ikishakatwa hupungua sukari kila siku ipitayo. Basi trekta likizimika kati ya Rongo na Awendo likiwa na mzigo, hasara humfikia mkulima kabla ya kumfikia mwenye trekta. Aghalabu ugonjwa huo ulikuwa umekwisha kujionyesha kwa moshi muda mrefu, ila hakuna aliyeutazama.

Injekta ina matundu membamba mno, na kazi yake ni kurusha dizeli ndani ya silinda kama ukungu. Ukungu huwaka mara moja kwa joto la hewa iliyoshindiliwa, lakini matone hayaungui yakaisha. Injekta idondoshayo hutoa moshi mweusi, injini hugonga, na dizeli huliwa kwa wingi. Moshi mweupe wenye harufu kali ya dizeli, usiokoma hata injini ikipata moto, ni dalili ya mafuta yasiyowaka. Moshi wa buluu ni wa oili, wala injekta isisingiziwe. Hata moshi mweusi pengine huletwa na filta ya hewa iliyojaa vumbi, nayo ni rahisi kuitazama kwanza.

Katika injini za kale fundi hulegeza mabomba ya injekta moja moja, injini ikinguruma. Akilegeza bomba na mlio usibadilike, hiyo ndiyo mbovu. Jambo hili lisijaribiwe kamwe katika magari ya siku hizi, ambayo msukumo wa dizeli yake hupita mara 1,000 ule wa hewa tuivutayo. Dizeli hiyo hupenya ngozi. Jeraha huonekana kama tundu la sindano, kumbe mtu apaswa kukimbizwa hospitali saa ile ile.

Kinachoziua injekta ni maji, vumbi la mapipa, na mafuta ya taa yachanganywayo na dizeli. Pampu na injekta hulainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta ya taa hayana utelezi huo. Mwaka 2018 Serikali ya Kenya ilitoza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuzuia uchanganyaji. Hata mwenye koroboi alilipa.

Kabla ya kununua injekta, tangi lisafishwe, maji yamwagwe, na filta ya dizeli ibadilishwe. Injekta mpya zikifungwa kwenye tangi chafu zitakufa kama zile za kwanza.